Ufunguo wa Saba: Historia ya Mafumbo ya Nambari na Lugha za Siri katika Elimu ya Watoto wa Voi na Taita Taveta

1. Utangulizi

Mafumbo ya nambari na michezo ya kufumbua maandishi ya siri yanapotajwa katika mijadala ya elimu ya msingi, mara nyingi hutajwa kana kwamba ni mambo mageni, yaliyoletwa na vitabu vya ng'ambo na, katika miaka ya karibuni, na kompyuta. Mwaka 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule za msingi na za sekondari. Hatua hiyo haina budi kupongezwa, lakini inaweza pia kuitia nguvu dhana kwamba mtoto wa Kiafrika huanza kukutana na fumbo la nambari siku anapowekewa chombo cha umeme mezani.

Makala haya yanakusudia kuipinga dhana hiyo kwa kuutazama mfano wa sehemu moja, nayo ni mji wa Voi na nchi ya Taita Taveta kwa jumla. Hoja yenyewe ina pande mbili. Kwanza, historia ya sehemu hiyo imewakutanisha watoto wake na hesabu za lugha kadhaa kwa wakati mmoja, na kukutana huko ni fumbo lililo hai. Pili, lugha za Taita na za jirani zake zimehifadhi ufunguo wa fumbo moja la Kiswahili ambalo Kiswahili chenyewe hakiwezi kulifumbua peke yake. Ikiwa shule itaziacha hesabu hizo zipotee, hasara haitakuwa ya Wataita tu.

2. Voi, njia panda ya hesabu

Nchi ya Taita ilikuwa katika njia ya misafara ya biashara kati ya Mombasa na bara muda mrefu kabla ya reli. Mmisionari Johannes Rebmann alifika huko mwaka 1847, na mwaka uliofuata akapita Taita tena katika safari iliyompeleka hadi Kilimanjaro. Mwaka 1883 J. A. Wray wa chama cha CMS alianza kazi Sagalla, mlima unaoutazama mji wa Voi wa leo. Na mwaka 1894 kitabu chake cha utangulizi wa lugha ya Kitaita kilichapishwa London. Mapadre Wakatoliki nao waliweka misheni Bura mwaka 1892. Huko Taveta, misheni ya CMS ilichapa gazeti lake, Taveta Chronicle, kuanzia mwaka 1895. Kwa hiyo kusoma na kuandika kuliingia Taita Taveta kwa njia za lugha zaidi ya moja tangu mwanzo: lugha za wenyeji, Kiswahili na Kiingereza.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, na kufikia mwaka 1898 reli ilikuwa imekwisha kuipita Voi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilijengwa njia ya pili kutoka Voi kuelekea Taveta, kwa ajili ya majeshi yaliyokabiliana na Wajerumani, na mwaka 1916 njia hiyo iliunganishwa na reli ya upande wa Tanganyika. Baadaye mashamba ya katani ya Voi, Mwatate na Taveta yaliwakusanya wafanyakazi wa makabila mengi. Vipande vya kazi, mishahara na bei za dukani vilihitaji lugha moja ya kuhesabia, na lugha hiyo ikawa Kiswahili.

Jambo dogo la stesheni linatosha kuonyesha namna mkutano huo ulivyozaa mafumbo. Ratiba ya treni ilifuata saa za Kizungu, ambazo huanza kuhesabiwa usiku wa manane na adhuhuri. Mswahili, na Mtaita anayesema Kiswahili, huanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapotua. Treni iliyoandikiwa saa 8 ya usiku wa Kizungu huondoka saa mbili za usiku kwa hesabu ya wenyeji. Anayetaka kuiwahi hana budi kuujua ufunguo: ongeza sita au ondoa sita, na ukivuka kumi na mbili, anza upya. Saa tatu huwa 9. Saa nane huwa 14, na baada ya kuondoa kumi na mbili hubaki 2.

Wasomaji wanaoijua historia ya maandishi ya siri watatambua kwamba hiyo ni kanuni ileile inayohusishwa na Julius Caesar wa Roma, ambaye aliisogeza kila herufi mbele kwa hatua tatu. Tofauti ni kwamba Caesar alikusudia kuficha, na mtoto wa Voi hakufichwa na mtu. Alizikuta hesabu mbili mahali pamoja, akalazimika kuvuka kutoka moja hadi nyingine. Treni za reli mpya, zilizoanza kusafirisha abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, nazo husimama Voi, na ufunguo wa sita ungali unatumika.

Juma nalo lina fumbo lake. Kiswahili huhesabu siku kuanzia Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. Baada ya Jumatano mtu angetazamia siku ya sita, lakini huikuta Alhamisi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu maana yake ni siku ya tano. Juma moja lina siku mbili za tano zinazofuatana. Jibu ni kwamba hesabu moja huanza Jumamosi na nyingine huanza Jumapili, na Kiswahili kimezishona pamoja bila kuuficha mshono. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuligundua jambo hilo mwenyewe akiulizwa swali kwa namna inayofaa, na atakapoligundua atakuwa amesoma hesabu na historia kwa wakati mmoja.

3. Nambari zilizofichama

Ushahidi mzito zaidi umo katika majina ya nambari. Inajulikana kwamba katika kumi za kwanza Kiswahili kimekopa majina matatu kutoka Kiarabu: sita, saba na tisa. Nane si ya kukopa. Ni ya Kibantu, na ndani yake imefichama nne, kwa sababu nane ni nne na nne. Swali basi ni hili: Waswahili walisemaje kabla ya sita, saba na tisa?

Kwa tisa jibu halikupotea, maana neno kenda lingali katika kamusi, na washairi hulitumia. Kwa saba jibu limejificha mahali ambapo watu wengi hawalitazamii. Kamusi hulieleza neno fungate kuwa ni muda wa siku saba za maarusi baada ya harusi. Mswahili wa leo huliona neno hilo kuwa la harusi tu, wala halihusishi na kuhesabu. Lakini Mtaita akilisikia hana budi kushtuka, kwa kuwa katika lugha yake saba ni mfungade.

Tuchukue nambari chache katika lugha nne na kuzipanga kwa safu:

Kiswahili: tatu, nne, fungate, nane, kenda.
Kidawida: idadu, inya, mfungade, wunyanya, ikenda.
Kigiryama: hahu, ne, fungahe, nane, chenda.
Kingazija cha Komoro: ndraru, nne, mfukare, nane, shenda.

Anayezitazama safu hizo kwa makini ataona kwamba tofauti zake zina utaratibu. Mahali penye t katika tatu ya Kiswahili, Kidawida kina d na Kigiryama kina h. Ufunguo huo ukijaribiwa katika neno la saba, hufanya kazi: fungate, mfungade, fungahe. Ukijaribiwa nje ya nambari, hufanya kazi pia: wetu ya Kiswahili ni wedu kwa Kidawida na wehu kwa Kigiryama. Ni kama barua tatu zilizoandikwa kwa maandishi matatu ya siri, ambazo mtu akiweza kulisoma neno moja ataweza kubashiri la pili. Kwa njia hiyo inathibitika kwamba fungate haikuwa neno la harusi kwa asili. Ilikuwa nambari, ikaondolewa sokoni na dukani na saba, ikabaki nyumbani kwa maarusi.

Mchezo huo una mitego yake pia, na mitego ndiyo inayoufanya uwe na thamani. Mwanafunzi aliyekwisha kuupata ufunguo wa t na d atatazamia kwamba tano kwa Kidawida itakuwa na d. Haina, ni isanu, na kwa Kigiryama ni tsano. Hapo itambidi akiri kwamba t ya tatu na t ya tano, ingawa zinaandikwa kwa herufi moja katika Kiswahili Sanifu, zimetoka katika sauti mbili tofauti za zamani. Kadhalika, sita ya Kidawida ni irandadu, ambayo mwisho wake unaonyesha dadu waziwazi, lakini mwanzo wake haufuati ufunguo uleule. Mfumbuzi mwema hatupi ufunguo kwa sababu ya neno moja lililokataa, wala hauamini kupita kiasi. Hutafuta sababu ya kukataa.

Majina ya makumi yanatoa mfano mwingine. Ishirini ya Kiswahili ni ya Kiarabu, na mtoto hawezi kuiona mbili ndani yake. Kwa Kigiryama ishirini ni mirongo miiri, yaani makumi mawili, na Kidawida nacho hutumia mirongo kwa makumi. Kiswahili hakikulitupa neno hilo. Kimelibakiza katika muongo na miongo, kwa maana ya vipindi vya miaka kumi au, katika kalenda ya zamani ya pwani, ya siku kumi. Hapa tena nambari imefukuzwa mlango wa mbele na kuingia kwa mlango wa nyuma, ikivaa nguo ya wakati.

4. Kinyume na Kilindini

Aina ya mafumbo iliyokwisha kuelezwa ni ile ya kubadilisha: sauti moja au nambari moja huwekwa mahali pa nyingine. Ipo aina ya pili, ile ya kupangua: sauti hubaki zilezile, ila mahali pake hugeuzwa. Watoto wa Waswahili wameijua aina hiyo kwa jina la kinyume. Edward Steere alikieleza kinyume katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili kilichotolewa mwaka 1870. Kanuni yake ya kawaida ni kuichukua silabi ya mwisho na kuiweka mwanzo: kitabu huwa bukita, shule huwa leshu. Ili kusema kinyume kwa haraka mtoto lazima ajue silabi inaanzia wapi na kuishia wapi, na hilo ndilo somo ambalo mwalimu wa darasa la kwanza hulihangaikia muda mrefu.

Aina hizo mbili, kubadilisha na kupangua, ndizo misingi ya maandishi yote ya siri ya kale, na majeshi makubwa yalizitegemea hata katika karne ya 20. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba mojawapo ya kazi za kufumbua maandishi hayo ilifanyika katika jengo la shule, mwanzoni mwa reli ileile ipitayo Voi. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, ofisi ya Waingereza iliyokuwa ikisikiliza na kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani ilihamishiwa Mombasa, ikawekwa katika shule ya Allidina Visram. Kabla ya mwaka huo kwisha, ofisi hiyo ilikuwa imeyafumbua maandishi yaliyotumiwa na meli za biashara za Japani.

Namna walivyoyafumbua ni somo kwa mwanaisimu. Mtumaji mmoja wa Kijapani alituma ujumbe, kisha akautuma tena akiwa ameongeza habari fulani. Wafumbuzi wakawa na nakala mbili za ujumbe mmoja zenye tofauti ndogo. Kwa kuzilinganisha, mahali zilipofanana na mahali zilipotofautiana, wakaupata utaratibu uliofichwa. Nakala moja peke yake isingewapa njia hiyo.

Hiyo ndiyo hali ya nambari za Taita na za pwani. Tatu, idadu, hahu na ndraru ni nakala za ujumbe mmoja wa zamani sana, uliotumwa mara nyingi na vinywa mbalimbali. Wataalamu wa isimu linganishi hawana njia nyingine ya kuirudia lugha ambayo haikuandikwa, ila kuziweka nakala hizo pamoja. Wamekiweka Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro katika kundi moja la Sabaki. Na Kidawida, ambacho Guthrie alikipa alama ya E.74, kimesimama nje kidogo ya kundi hilo. Kwa sababu kiko nje, ushahidi wake una uzito wa pekee. Neno likionekana Komoro, Malindi na katika vilima vya Taita, ni vigumu kusema kwamba limeokotwa njiani na mmoja wao.

5. Shule na ufunguo

Shule ya msingi imeufanyia nini urithi huo? Historia ya sera za lugha nchini Kenya inatoa jibu lenye mchanganyiko. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni kulianzishwa mtindo wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikauunga mkono. Mtoto wa Taita aliyefundishwa kwa mtindo huo alikutana na maneno eleven na twelve, ambayo hayamwonyeshi kumi wala moja wala mbili, ilhali Kiswahili cha nyumbani kilikuwa kimekwisha kumwambia kumi na moja, kumi na mbili. Alipaswa kulifumbua neno kabla ya kuifikia hesabu.

Katika miaka ya 1960, kutokana na mikutano ya Entebbe iliyoanza mwaka 1962, ilienea ile iliyoitwa hisabati mpya. Moja ya mada zake ilikuwa kuhesabu kwa misingi isiyo kumi. Watoto walifundishwa kwa alama tupu kwamba mtu anaweza kuhesabu kwa namna nyingi, wakati ambapo vinywani mwao mlikuwa na nane iliyoundwa kwa nne mbili, na sita ya Kidawida iliyobeba tatu ndani yake. Hisabati mpya iliondolewa katika shule za Kenya mwaka 1981. Sababu za kushindwa kwake ni nyingi, lakini mojawapo haina budi kuwa hii, kwamba ilileta fikra nzuri bila kuitafutia maskani katika lugha ya mtoto.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirekebisha njia kwa kupendekeza kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Pendekezo hilo ni la busara. Hata hivyo kwa mji kama Voi lina matokeo ambayo hayana budi kutazamwa. Katika mji wa stesheni wenye watu wa kila upande, lugha ya eneo ni Kiswahili. Mtoto wa Voi hufundishwa Kiswahili kwa haki, na Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la mtihani tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Lakini kwa haki hiyohiyo, mfungade hubaki mlimani kwa bibi. Kiswahili, ambacho kwanza kiliisahau nambari yake ya saba, sasa kinamsaidia jirani yake kuisahau ya kwake.

Si lazima iwe hivyo. Mwalimu wa Voi, Wundanyi au Taveta anaweza kuwapa watoto kazi ya kuuliza nyumbani: hesabu mpaka kumi kwa lugha ya babu na bibi. Kesho yake safu zinaandikwa ubaoni, za Kidawida, Kisagalla, Kitaveta, Kigiryama, Kikamba na lugha nyingine zilizomo darasani. Swali ni moja tu: je, nani ataupata ufunguo? Kazi hiyo haihitaji kitabu wala umeme. Inamfundisha mtoto kutafuta utaratibu, kubashiri, kuujaribu ubashiri wake na kuurekebisha unapokataa, mambo ambayo mtaala wa usimbaji nao unayataka. Zaidi ya hayo, mtoto ambaye Kiswahili chake ni hafifu kuliko cha wenzake huja siku hiyo na nakala ambayo darasa zima linaihitaji.

6. Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali kuendeleza na kulinda lugha za watu wa Kenya. Kwa kawaida agizo hilo hueleweka kuwa ni la kuzihurumia lugha ndogo. Mfano wa Taita unaonyesha kwamba lugha kubwa nayo ina haja. Kiswahili kilipoziacha nambari zake kikabakiwa na vipande: fungate katika harusi, kenda katika ushairi, muongo katika kuhesabu miaka. Vipande hivyo vinasomeka kuwa nambari kwa sababu majirani waliendelea kuhesabu kwa majina ya zamani. Siku ambayo mtoto wa mwisho wa Taita atahesabu sita, saba, nane bila kuijua mfungade, nakala moja ya ujumbe itakuwa imepotea, na fungate itazidi kuwa neno la harusi tu.

Kwa hiyo swali la mafumbo ya nambari katika shule za msingi si la wataalamu wa hisabati peke yao. Idara za lugha za Kiafrika zinao wajibu wa kuwatayarishia walimu safu hizo za nambari, zikiwa zimesahihishwa lahaja kwa lahaja, pamoja na maelezo mafupi ya funguo zake na mitego yake. Kazi hiyo ni ndogo kwa mhadhiri, na wazee wa kuulizwa wangalipo.